Mita Isiyolala

Saa sita na nusu usiku nilikuwa nimechuchumaa kando ya geti la nyumba ya mama, Kijitonyama, namulika mita ya maji kwa tochi ya simu. Watu wote wamelala. Koki zote zimefungwa, nimezikagua mwenyewe moja baada ya nyingine, hata ile ya mashine ya kufulia. Simtanki limejaa mpaka juu. Na bado kale kagurudumu kekundu katikati ya kioo kalikuwa kanazunguka, polepole, bila haraka yoyote.

Niliandika namba kwenye bahasha ya bili nikaenda kulala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilirudi. Zilikuwa zimeongezeka lita 40. Mwanamke niliyesoma biashara sikuhitaji kikokotoo: lita 40 kwa saa 6 ni lita 160 kwa siku, na kwa mwezi ni lita 4,800. Karibu uniti 5. Ukizipima kwa macho ya mtu aliyekulia Dar es Salaam, ni madumu 240 ya lita ishirini. Kila mwezi mama yangu alikuwa analipia madumu 240 yanayonywewa na ukuta.

Nilipomwambia hakushangaa. Alikuwa anapepeta mchele. "Mimi nawaambia kila siku ukuta wa koridoni una jasho," akasema, "mnaniona nimezeeka."

Nyumba yenyewe baba aliiezeka mwaka 1978, kwenye kiwanja cha ile miradi ya viwanja vya kupimwa iliyoizaa Sinza na Kijitonyama. Mtambo wa Ruvu Chini ulikuwa na miaka miwili tu tangu uanze kazi, 1976, na wakubwa wanasimulia kwamba maji yalitoka kwa nguvu ya kumtoa mtoto beseni mkononi. Baba alilaza mabomba ya chuma yenye zinki, GI, kwa sababu wakati ule mtu mwenye kujiheshimu hakulaza kitu kingine. Mabomba hayo yalifukiwa ndani ya kuta, yakapigwa lipu juu, yakasahaulika. Fundi aliyeyalaza ameshatangulia mbele ya haki, na baba naye pia. Ramani haikuwahi kuchorwa.

Kisha jiji likawa kubwa kuliko maji yake. Mgao ukawa sehemu ya maisha, baba akachimba kisima, na kama visima vingi vya huku kwetu kikatoa maji yenye chumvi. Akanunua pampu, akaiunganisha kwenye mabomba yale yale. Simlaumu. Alikuwa na watoto watano wa kuogesha, na chumvi haikuwa imeandikwa popote kwamba inakula chuma kimyakimya kwa miaka thelathini.

Maana ndivyo inavyokuwa. Ile zinki iliyopakwa kwenye bomba ni mlinzi anayekubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Siku inapokwisha, kutu inaanza kazi, na maji ya chumvi yanaipa kasi. Lakini nilichojifunza baadaye, na sikuwahi kukiwaza, ni kwamba hata mgao wenyewe unaozesha bomba. Bomba lililojaa maji usiku na mchana lina hewa kidogo ndani yake. Bomba linalojaa Jumatatu na kukauka Alhamisi linapewa maji na hewa kwa zamu, na kutu haina kingine inachohitaji. Halafu maji yakirudi yanasukuma hewa mbele yake, bomba linapigwa kwa ndani kama mlango unaobamizwa. Mtu yeyote wa Dar anaijua sauti hiyo: koki inakohoa, inatema mate ya kahawia, inanyamaza, inakohoa tena. Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na jiji zima likaingia kwenye mgao mkali, mabomba yetu yalikaa makavu kwa siku nyingi mfululizo. Maji yaliporudi, koki ya jikoni ilitoa chai ya mkandaa. Mama alikinga kwenye glasi, akainyanyua kwenye mwanga, akasema kilichobaki ni sukari na iliki tu.

Tangu hapo tukaanza viraka. Tatizo la viraka ni kwamba kila kimoja ni rahisi. Bomba linavuja nyuma ya jiko, fundi anaitwa, anatindua ukuta kiasi cha sahani, anakata kipande, anaweka kingine, anapiga sementi, anaondoka na hela isiyomuuma mtu. Baada ya miezi miwili linavuja mita moja kutoka pale. Nilikaa na mama tukahesabu makovu ukutani: 14. Moja lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na kwa kweli lilikuwa limeshika kuliko mengine yote.

Kwenye kundi letu la familia kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Mwanza na hajaoga katika nyumba ile tangu mazishi ya baba, aliandika: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nilimjibu kwamba tumeziba ufa mara 14 na sasa ukuta wenyewe ndio unaobomoka. Mdogo wetu wa mwisho akaweka kikatuni cha kucheka. Kaka akakaa kimya siku tatu. Nikaelewa kwamba hesabu haikuwa ya bomba, ilikuwa ya nani atatoa hela, na kwamba kiraka kinapendwa na familia kwa sababu analipa yule aliye karibu.

Kilichowanyamazisha ni picha. Fundi wa safari hii, kijana mwenye macho makali na msumeno wa chuma ulionolewa vizuri, alipokata kipande cha nusu inchi koridoni aliniita. "Dada, njoo uone mlichokuwa mnaogea." Ndani ya bomba kutu ilikuwa imeota vichuguu, vimebanana kutoka pande zote, vimeacha tundu ambalo ncha tu ya penseli ilipita. Bomba lenye upana wa milimita 16 hivi kwa ndani lilikuwa limebaki na 6. Ukipigia hesabu ya eneo, kilichobaki wazi hakifiki hata moja ya saba. Na upande wa chini, chini ya vile vichuguu, ukuta wa chuma ulikuwa mwembamba kama kopo la maziwa. Alibonyeza kwa bisibisi, ikapenya.

Akanieleza pia kwa nini viraka vyetu vilizaana. Ukishika bomba la namna hiyo kwa spana kubwa na kulizungusha ili ufungue kipande kimoja, unaliteteresha lote, na pale palipokuwa pamezibwa na kutu yake yenyewe panafunguka. Tena mafundi waliotangulia walikuwa wameunganisha kwa vipande vya shaba nyeupe. Shaba ikigusana na chuma ndani ya maji, hasa ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Kila kiraka kilikuwa kinaagiza kinachofuata.

Nilipiga picha lile tundu pamoja na penseli, nikaituma kwenye kundi. Kaka alituma nusu ya hela jioni ile ile. Sikuandika chochote chini yake.

Sasa, wapenzi wasomaji, hapa kuna jambo ambalo nataka kulikazia kwa sababu lilikaribia kutupotezea kazi nzima. Mabomba tuliyochagua ni ya plastiki ngumu ya PPR, yale ya kijani au meupe yanayounganishwa kwa kuyeyushwa. Fundi alikuja na mabomba ya milimita 20 kwa nyumba nzima. Nikamwambia nayaona madogo.

"Dada, ishirini ndiyo nusu inchi. Tunafunga hii Dar nzima."

"Lete rula."

Bomba la chuma linatajwa kwa upana wa ndani, walau kwa makisio. PPR linatajwa kwa upana wa nje. Na ukuta wake ni mnene: lile la 20 la daraja la presha la PN20 lina unene wa milimita 3.4 kila upande, kwa hiyo tundu la maji ni milimita 13.2. Hilo ni dogo kuliko nusu inchi ya baba lilipokuwa jipya. La 25 ndilo linalokaribiana nayo, lina tundu la 16.6. Yaani ningekubali, ningevunja nyumba, ningetumia akiba yangu, kisha nimpe mama mabomba membamba kuliko aliyoanza nayo 1978.

Ukiwa na presha ya kutosha tofauti hiyo unaweza kuivumilia. Sisi hatuna. Simtanki letu linakaa kwenye mnara wa zege, na kutoka chini yake hadi kichwa cha shawa ni mita mbili tu na kidogo. Mita kumi za kimo ndizo zinazotoa presha ya bar moja. Sisi tuna kama robo. Kwa presha ya namna hiyo kila milimita ya tundu ina thamani. Tukakubaliana: 32 kutoka tangini, 25 kwa njia kuu, 20 kwa kile kipande cha mwisho tu kinachoshuka kwenye koki. Fundi alitikisa kichwa. "Hela yako," akasema. Nilimpenda kwa hilo, maana hakujifanya amekubali.

Jambo la pili la kuamua lilikuwa njia. Hatukuyatoa mabomba ya zamani. Kuyang'oa ni kuibomoa nyumba. Tuliyakata yanapoingia na yanapotokea, tukayaziba, yamebaki ndani ya kuta kama mishipa ya mtu aliyekufa. Njia kuu mpya ikapanda darini, na kwa kila chumba chenye maji likateremshwa bomba moja. Badala ya kutindua koridoni nzima ikawa ni mifereji sita ya wima.

Bafuni kukawa na mgogoro wa aina nyingine. Marumaru zake ni za rangi ya waridi, mama alizinunua mwaka 1994 kwa hela ya upatu, zamu yake ilipofika. Rangi ile huipati tena popote. Mama hakuwa amesema neno kuhusu mabomba, hela, wala vumbi lililoingia hadi kwenye kabati la vyombo, lakini fundi alipoweka tindo juu ya marumaru ya kwanza alitokea mlangoni na ungo mkononi. "Mwanangu, hiyo nyundo iondoe hapo."

Fundi akaiondoa. Akakaa kwenye ukingo wa sinki akifikiri, kisha akatoka, akaingia chumba cha nyuma ambacho ukuta wake ndio huo huo wa bafu, akagonga kwa vidole. Tuliingilia kwa nyuma. Mfereji ulichongwa upande wa chumbani ambako kuna lipu na rangi tu, na ukutani likatobolewa tundu moja la kutokea kwenye koki, pale pale tundu la zamani lilipokuwa. Marumaru za waridi zipo zote. Ukiwa na bafu lenye kitu usichotaka kivunjwe, angalia kwanza kuna nini upande wa pili wa ukuta.

Siku ya nne kulitokea kitu kilichonitoa jasho. Fundi alikuwa nje, nyuma ya bafu, anataka kukata bomba la chuma linapotoka ardhini. Akasimama. "Dada, huu waya wa nini?" Ulikuwa waya wa kijani uliofifia, umefungwa kwenye bomba kwa kibano chenye kutu, umepakwa chokaa mara nyingi hadi ukafanana na ukuta. Niliufuata kwa macho. Ulipanda, ukapita chini ya bati, ukaingia upande wa boksi la umeme.

Nilimwambia aweke msumeno chini.

Fundi umeme alifika jioni na kuthibitisha. Ulikuwa waya wa athi wa nyumba nzima, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Zamani lilikuwa jambo la kawaida: bomba la chuma limefukiwa ardhini, linapitisha umeme vizuri, basi waya wa usalama unafungwa pale na kazi imekwisha. Bomba likibaki la chuma, umeme unaovuja bado una njia. Ukilikata na kuweka plastiki, nyumba inaendelea kuwaka taa kama kawaida, friji inaunguruma, televisheni inaonyesha, wala hakuna anayejua kwamba kinga ya nyumba imekatika. Na mama ana shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo kwa papo. Siku kifaa kile kingepata hitilafu ndani, umeme usingekuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia kwa anayeoga.

Fundi umeme alipigilia ardhini rodi iliyopakwa shaba, akahamishia waya mpya pale, akapima kwa kifaa chake, na kwenye boksi akaongeza swichi inayokata umeme ukivuja. Kazi ya nusu siku. Nimewauliza majirani wanne wenye nyumba za umri wa yetu waliobadilisha mabomba. Hakuna aliyekuwa amekagua. Wawili walinyanyuka tukiwa bado tunaongea, wakaenda kuangalia.

Kuhusu kuunganisha PPR sitasema mengi, ni kazi tamu kuitazama. Mashine inapashwa hadi nyuzi 260, bomba linaingizwa upande mmoja na soketi upande mwingine, unahesabu, unatoa, unasukuma pamoja, basi: vimekuwa kitu kimoja. Kwa bomba la 20 ni sekunde 5, la 25 ni 7, la 32 ni 8. Saidia fundi wetu alikuwa anahesabu "moja, mbili, tatu" kwa kasi ya mtu anayegawa karata, halafu anapokumbuka anaongeza muda kwa kufidia. Nikaomba wakate jointi yake moja katikati ili tuone. Plastiki ilikuwa imeyeyuka kupita kiasi na kufanya kola kwa ndani, tundu limebaki nusu. Yaani kutu ya miaka 40 ameitengeneza kwa sekunde 12. Hakuna aliyemgombeza. Fundi alimpa simu yenye saa ya kuhesabu, na kuanzia hapo nilisikia tu mlio wake darini.

Ugomvi wetu wa mwisho ulikuwa wa lipu. Fundi alitaka kuziba mifereji siku ile ile alipomaliza. Nikasema hapana, kwanza tujaze maji, tupandishe presha hadi bar 10 kwa ile pampu ya mkono, tulale. "Huniamini," akasema. Nikamwambia namwamini, ila ukuta ndio nisiouamini. Asubuhi mshale ulikuwa umeshuka hadi 7. Tulipitisha karatasi ya chooni kwenye kila jointi, na kwenye kona ya jikoni ikalowa. Jointi ile ilichomwa wakati umeme unakatika-katika, mashine haikuwa imepata moto wake kamili. Ikakatwa, ikachomwa upya, presha ikapandishwa tena, na mara hii mshale ulilala palepale na kuamka palepale. Kabla ya lipu nilipiga picha kila mfereji huku tepu ya kupimia imenyooshwa kutoka kona ya ukuta na kutoka sakafuni. Zipo kwenye simu yangu, za kaka, na za mdogo wetu. Ramani imechorwa sasa.

Si kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Mabomba ya darini yako chini ya bati, na jua la Dar mnalijua: saa nane mchana koki ya maji baridi inatoa maji ya kuogea mgonjwa. Mama amefurahi, anasema ni hita ya bure, lakini mimi nilitaka kunywa. Na wiki ya kwanza nilipanda darini mchana nikakuta bomba la njia kuu limejikunja huku na huku kama nyoka. Plastiki hii inarefuka kwa joto, kama milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 10 zikipata joto la nyuzi 30 zaidi zinarefuka milimita 45, karibu vidole vitatu, na sisi tulikuwa tumezibana kwa klipu za kukaza pande zote hazina pa kwenda. Fundi alirudi akalegeza klipu, akaongeza kona mbili za kuliachia bomba lipumue. Hakunitoza. Alisema tu kwamba kwenye nyumba nyingine hakuna mteja anayepanda darini.

Usiku baada ya lipu kukauka nilitoka tena na tochi. Saa sita na nusu ile ile, kwa makusudi. Nilikuwa nimeshachuchumaa pale niliposikia kandambili nyuma yangu. Mama, amejifunga kanga mbili, akainama juu ya bega langu kuangalia. Kagurudumu kekundu kalikuwa kimya.

"Imekufa?" akauliza.

"Imelala."

Akaangalia kwa muda mrefu, hakuridhika. "Hebu nenda kafungue ya uani."

Nikaenda nikafungua. Nikasikia maji yanapiga sakafu ya zege.

"Inazunguka," akaita. "Funga."

Nikafunga.

"Imesimama." Kimya kidogo. "Hebu fungua tena."